Kioo, mirolesi au simu: hukumu niliyoombwa kuitoa Tanga

Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya wapiga picha vijana, baada ya mdahalo wa kamera ipi ni bora, yenye kioo ndani yake (DSLR), isiyo na kioo (mirolesi) au ya simu, uliochukua saa nzima na nusu na kutaka kuvunja urafiki wa watu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimeondoa vicheko na mahali nilipokunywa maji.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wale mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau, karibuni, ipo, lakini mtanisikiliza kwanza.

Shikamooni wakubwa zangu mliokaa mbele. Wadogo zangu, nimewasikia wote. Mwenyekiti ameniomba nikate shauri. Mkono wangu wa kulia wamekaa watetezi wa kioo, yaani DSLR, watu wenye kamera nzito na mabega yaliyopinda. Kushoto wamekaa watetezi wa mirolesi, wamependeza, na nadhani wengine bado wanalipa marejesho kila mwezi. Na kule nyuma karibu na mlango kuna binti aliyesimama akasema maneno mawili tu, “Simu inatosha,” akaketi. Akapigiwa makofi kuliko wote.

Naona pia mnamtazama mpwa wangu pale pembeni, mnajiuliza kwa nini amekuja kwenye mdahalo amevaa gauni la harusi. Subirini. Haolewi leo.

Kwanza niseme kilichoniudhi. Mmesoma sana, mmetaja namba nyingi, na majaribio mengi mliyoyanukuu yamefanywa kwenye chumba chenye chati ukutani, au mtaani Ulaya kwenye jua la kiangazi. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema: mimi nilimpiga picha bibi harusi maji ya kunde mwenye gauni jeupe, kasimama na bwana harusi mweusi tii mwenye suti nyeusi, saa nne ya usiku, taa za zambarau zinacheza, umeme umeshakatika mara moja na jenereta inakohoa nje. Mimi mtihani wangu ndio huo. Nina miaka kumi na tisa kwenye mtihani huo, na nimeufeli mara kadhaa.

Nianze na mara moja niliyofeli vibaya, maana mwamuzi anayejisifu hamtamwamini. Mwaka 2019 kulikuwa na padri ambaye hakuelewana na kamera yangu. Kamera ya kioo ina kelele, mnaijua: kioo kinaruka juu, shata, yaani pazia la kuruhusu mwanga, inafunguka na kufunga, kioo kinarudi. Kwaa! Ukumbini, muziki ukipigwa, hakuna anayesikia. Kanisani, maharusi wakila kiapo, ni kama mtu anapasua kuni. Padri akaniita pembeni akaniambia kwa upole, “Mama, kamera yako inahubiri kunizidi.” Nikaona aibu. Jumamosi iliyofuata nikaazima mirolesi ya rafiki yangu, nikaiweka kwenye shata ya kielektroniki, kimya kabisa, nikazunguka kanisa kama paka. Kiapo nikakipata, pete nikaipata, machozi ya mama mzazi nikayapata. Padri akanitikisia kichwa kwa furaha.

Usiku nikafungua kompyuta. Kila picha ya ndani ya kanisa ina michirizi. Mistari mipana, giza, mwanga, giza, mwanga, imepita juu ya gauni, juu ya altare, juu ya uso wa yule mama anayelia.

Sababu yake niliijua baada ya kulia na mimi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za tyubu na LED nyingi za bei nafuu hupepesa mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Sasa shata ya kielektroniki haina pazia linalopita mbele ya sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha. Sensa inasomwa mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, na kamera ile ilikuwa inahitaji kama sehemu ya ishirini ya sekunde kumaliza kujisoma. Pigeni hesabu: katika muda huo taa imepepesa mara tano. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imewaka sana ikatoka nyeupe, iliyosomwa taa ikiwa imefifia ikatoka giza. Nami nilikuwa nimeweka spidi ya 1/250, yaani sehemu moja ya 250 ya sekunde. Ningeweka 1/100 au 1/50, kila mstari ungekusanya mpepeso mzima na michirizi isingeonekana. Au ningerudi kwenye shata ya pazia, ambayo kamera ile ilikuwa nayo, nikavumilia kelele ndogo tu. Familia ile sikuwatoza hata senti kwa picha za kanisani, na mpaka leo nikikutana na yule mama sokoni naanza mimi kumwamkia kutoka mbali.

Kuna kamera ambazo ugonjwa huu umekaribia kuzitoka. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina pazia kabisa, sensa yake inasomwa kwa kasi kubwa mno. Lakini bei yake mtu akikutajia hapa Tanga utadhani anakuuzia kiwanja.

Kwa hiyo yule kaka aliyesema “mirolesi haina kelele” kasema kweli, ila hajamaliza sentensi.

Sasa njia ya kupima. Msichukue kamera ya kioo ya mwaka 2011 mkailinganisha na mirolesi iliyotoka juzi, kisha mkasema kioo kimeshindwa. Hizo ni mbio za babu na mjukuu. Chukueni ndugu wa tumbo moja. Canon walituzalia ndugu hao: EOS 5D Mark IV ya mwaka 2016, yenye kioo, na EOS R ya mwaka 2018, isiyo na kioo. Sensa zao ni za ukoo mmoja, megapikseli 30 na ushei kila moja, ukubwa uleule wa milimita 36 kwa 24. Nikikuwekea mezani picha mbili zilizochapishwa, moja ya huyu na moja ya yule, zimepigwa kwa ustadi uleule, hutajua ipi ya nani. Anayesema mirolesi inatoa picha safi zaidi kwa kuwa tu haina kioo, amedanganywa. Wakati picha inaingia, kioo kimeshapanda juu, hakipo njiani.

Basi kioo kinafanya nini? Kinakuletea wewe mwanga machoni, kwenye kidirisha cha kuchungulia, ili uone dunia yenyewe kupitia lenzi. Na mwanga kidogo kinaupitisha, unashushwa chini ya kamera kwenye sensa nyingine ndogo ambayo kazi yake ni fokasi tu, yaani kuhakikisha ulipolenga panatoka pakali. Hapo ndipo penye ugomvi wa kweli, na hapo hamkufika.

Kwenye kamera ya kioo, njia ya kwenda kwenye sensa ya fokasi na njia ya kwenda kwenye sensa ya picha ni mbili tofauti. Zikipishana kwa unene wa unywele, fokasi inaanguka mbele au nyuma ya ulipolenga. Mimi nina lenzi ya milimita 85 iliyonitesa miaka miwili. Nalenga jicho la bibi harusi, sikio ndilo linatoka kali, na hereni inang'aa kama imelipiwa tangazo. Nilidhani mkono wangu unatetemeka. Siku moja fundi Kariakoo akaniwekea gazeti mezani na rula kaiegemeza kwa mshazari, akapiga picha tatu, akaniambia, “Dada, lenzi yako inaangukia nyuma.” Akaingia kwenye menyu ya kamera akarekebisha kwa dakika kumi. Miaka miwili!

Mirolesi haina njia mbili. Inafokasi kwa sensa ileile inayopokea picha, kwa hiyo kosa la namna hiyo halipati pa kuingilia. Tena angalia hao ndugu wawili: 5D Mark IV ina vituo 61 vya fokasi, vimejikusanya kuelekea katikati ya fremu kama watu kwenye kivuli cha mwembe mmoja. EOS R inakupa sehemu 5,655 za kuchagua, karibu fremu yote. Kwenye giza, kwa kipimo cha mwanga kiitwacho EV, yule wa kioo anaishia EV -3. Mdogo wake, akiwa na lenzi ya f/1.2, yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga, anafika EV -6. Kila hatua ya EV ni nusu ya mwanga uliotangulia, kwa hiyo hatua tatu ni mwanga mdogo mara nane. Anayewapiga picha maharusi wakati wa kuingia ukumbini, taa zimezimwa, wanacheza huku wanakuja, anajua maana ya mara nane.

Lakini sikilizeni na upande wa pili wa ndugu hao. Kwa kipimo cha chama cha watengenezaji kamera wa Japani, betri moja ya 5D Mark IV inapiga picha 900. Ya EOS R, 370. Na betri ni ya aina ileile! Mirolesi haili betri kwa kupiga picha. Inaila kwa kukuangalizia, maana sensa na skrini vinafanya kazi muda wote ambao jicho lako lipo pale. Ndoa moja ya kwetu, kuanzia kupambwa mpaka keki, ni picha elfu mbili. Mimi nikiwa na kioo nabeba betri tatu. Kijana wangu wa mirolesi anabeba sita na chaja, na nimemwona amechomeka chaja chini ya meza ya keki, mshereheshaji akajikwaa kwenye waya.

Mmesema pia ni nyepesi. Ni nyepesi, ndiyo: gramu 660 kwa 890. Lakini kamera haipigi picha bila lenzi. Lenzi ya 24-70 f/2.8 ya yule wa kioo, toleo la pili, ina gramu 805. Ya EOS R ina gramu 900. Jumlisha: 1,695 kwa 1,560. Tofauti ni gramu 135, uzito wa embe dogo. Bega langu halijashukuru.

Halafu kadi. 5D Mark IV ina nafasi mbili za kadi, picha inaandikwa pote pawili. EOS R ina moja. Wapiga picha wa harusi dunia nzima walipiga kelele, mimi nikiwamo, na mwaka 2020 Canon walipotoa R5 na R6 wakaweka mbili. Bibi harusi hawezi kurudia ndoa kwa sababu kadi yako imekufa. Ukiniuliza niondoe kitu kimoja kwenye kamera, nitaondoa video, nitaondoa wifi, hata hiyo skrini ya kugeuza, lakini kadi ya pili siitoi.

Sasa nifike ninapoikubali mirolesi bila kinyongo, na hapa ningependa hata wale waliotoka kupokea simu warudi.

Kamera zote, za kioo na zisizo na kioo, zinapima mwanga kwa kudhani kwamba dunia ni kijivu, kijivu cha wastani kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inasema “kumeng'aa mno,” inapunguza. Gauni linatoka kijivu, na uso wa bibi harusi wetu, ambao hata hivyo ulikuwa chini ya gauni kwa mwanga, unazama kabisa. Suti nyeusi na ukuta mweusi vikijaa, kamera inasema “giza,” inaongeza, gauni linaungua, shanga na lesi alizoshonewa kwa wiki tatu zinakuwa shuka moja jeupe. Mzungu mwenye gauni jeupe yuko karibu na gauni lake. Sisi uso na gauni vimeachana mbali, na kamera inataka kuchagua kimoja.

Hili ni la zamani. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wakipeleka kwenye maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi zile zikaitwa Shirley. Maabara ikishapata rangi ya Shirley sawasawa, kazi imekwisha, sisi wengine tutatoka tutakavyotoka. Na mnajua waliosukuma Kodak waanze kurekebisha filamu kwa rangi za kahawia ni nani? Imeelezwa na waliokuwa ndani ya kampuni: watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu. Nacheka, lakini sicheki sana.

Sasa kwenye kamera ya kioo, kidirisha kinakuonesha dunia ilivyo. Uso unauona vizuri kwa jicho lako, unapiga, unatazama skrini nyuma, umezama. Unaongeza, unapiga tena. Wakati huo keki imeshaliwa. Mirolesi inakuonesha kidirishani picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Ukizungusha gurudumu, uso unapanda mbele ya macho yako, na ukiwasha alama za pundamilia, mistari inayotokea palipong'aa mno, unaona ni wapi gauni linaanza kuungua. Unasimama hapohapo katikati. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepiga picha watu wetu, hilo peke yake linamwokolea miaka miwili. Mimi niliijifunza kwa kichwa: gauni likijaa naongeza hatua moja ya mwanga, suti ikijaa napunguza thuluthi mbili za hatua. Sasa iko mkononi kama ladha ya chumvi, sihitaji kuonja. Lakini sitamwambia mtoto apite njia niliyopita mimi eti kwa kuwa niliipita. Tahadhari moja tu: ukitumia flashi, kidirisha hakijui flashi yako itatoa nini, kwa hiyo usikiamini.

Binti wa simu, sijakusahau. Simama kidogo tukuone. Haya, kaa.

Huyu binti hakukosea sana. Mwaka 2010 dunia ilipokea kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika milioni 10. Zile ndogo za mfukoni ndizo zilizokufa, na simu ndiyo iliyoziua. Simu inapiga picha kadhaa kwa mpigo, inazichanganya, inatoa moja. Watengenezaji wameanza pia kujali rangi za ngozi. Google walilitangaza hilo rasmi mwaka 2021 walipotoa Pixel 6. Mchana, uwanjani, mtoto anacheza, simu yangu na kamera yangu sioni aibu kuziweka pamoja.

Lakini kaka aliyemtetea kwa kusema “simu ina megapikseli 200, kamera ya mama ina 30,” hapana. Kamera ya dijitali ya kwanza, aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na megapikseli 0.01, ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na 2.7, na ilitumiwa na wapiga picha wa magazeti. Karatasi ya A4 kwa uchapaji mzuri inataka karibu megapikseli 9 tu. Hiyo 200 ya simu, kwa kawaida inakusanya pikseli 16 inazifanya moja, unapata 12 na nusu. Kwa nini inazikusanya? Kwa sababu ni vidogo mno, giza likiingia kila kimoja kinapata mwanga wa kulamba. Sensa ya 36 kwa 24 ina milimita za mraba 864. Sensa kubwa ya simu nzuri ina kama 70. Mvua ikinyesha, mmoja amekinga kwa beseni, mwingine kwa kikombe cha kahawa. Simu inajazia pengo kwa akili, na kuna saa akili inazidi: inalainisha uso mpaka mtu anapoteza ndui yake ya utotoni, mama yake haridhiki.

Kuna sababu nyingine ya kuniweka mbali na simu, na wanaume wengi hapa hamuijui kwa kuwa hamjawahi kuruhusiwa kuingia. Usiku wa hina na singo, mwali kakaa kwenye mkeka, nywele ziko wazi, mabega yako wazi, kanga moja, wanawake wanacheza kama wanavyocheza wakiwa peke yao. Mlangoni kuna shangazi mwenye kikapu. Kila simu inaingia kikapuni. Simu ya mke wa kiongozi, kikapuni. Yangu pia. Lakini kamera yangu inaingia, kwa nini? Kwa sababu haina laini, na wifi yake nimeizima shangazi akiangalia. Picha zinakaa kwenye kadi mbili, nikitoka namkabidhi mama wa mwali kadi moja mkononi, nyingine naitumia kusafishia picha kisha naifuta mbele yake. Simu inapiga picha na kabla hujaifunga imeshapanda mawinguni, iko kwenye akaunti, iko kwenye kompyuta ya mtoto nyumbani. Kwenye orodha zenu za sifa za kamera sikuisikia hii: kwamba haina mdomo. Na wadogo zangu wa kike, kazi ya usiku ule ni yetu, inalipa, na hakuna kaka hapa atakayekunyang'anya.

Niharakishe, naona pilau inafunuliwa.

Wanaonunua mtumba, na ndio wengi wetu: uliza shata imepiga mara ngapi. Kamera kama 5D Mark III au Nikon D750 ilipimwa kwa 150,000. Ukikuta imeshapiga 140,000, punguza bei ya shata mpya kabla hujasalimiana vizuri. Kamera za kioo zimejaa sokoni sasa kwa sababu matajiri wanahamia mirolesi, na Canon walishasema mwishoni mwa 2021 kwamba 1D X Mark III ndiyo kubwa yao ya mwisho yenye kioo. Kwa mnunuzi maskini hiyo ni neema, si msiba. Lenzi zake za EF zitavaa mirolesi ya Canon kesho kwa adapta, hazitupwi. Kwa hiyo nunua lenzi nzuri, mwili uje baadaye.

Na sisi wa pwani tuna adui ambaye hajali kioo wala mirolesi. Chumvi na unyevu. Nimefungua lenzi ya miezi minane kabatini nikakuta kuvu ndani, kama utando wa buibui. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ukivikausha mara kwa mara. Usitoke kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia ukumbini na kupiga papo hapo. Lenzi itatoa jasho. Mirolesi nyingi ukivua lenzi sensa iko uchi, vumbi la barabarani linaingia moja kwa moja, ingawa EOS R na baadhi ya wenzake hufunga pazia ukizima. Zima kwanza, elekeza chini, badilisha haraka, usiongee juu yake.

Shauri, basi. Anayeanza na pesa kidogo, anataka harusi: DSLR ya mtumba yenye sensa kubwa na kadi mbili. Mwenye pesa, anayepiga watu usiku: mirolesi, na betri sita, na asiguse shata ya kimya mpaka ajaribu taa za ukumbi kabla wageni hawajafika. Binti wa simu aendelee na simu mpaka mteja wa kwanza amwombe picha ya ukutani ya usiku. Mimi mwenyewe? Nina kioo bado. Nimeagiza mirolesi. Msimwambie mume wangu, yuko pale nyuma ameshasikia.

Lakini hukumu sitaitoa kwa mdomo. Ndiyo maana mpwa wangu kavaa gauni. Nimeleta printa na karatasi za A4. Kila upande mtu mmoja, piga picha tano, chagua moja, hakuna kuhariri. Zitachapwa, nyuma zitaandikwa namba bila jina, na wakubwa zetu wa mbele, ambao hawajui kioo wala mirolesi, watachagua ile wanayoweza kumpelekea mama yake.

Mpwa wangu, panda jukwaani. Kaka wa mitambo, zima taa kubwa, acha zile za zambarau. Saa ngapi sasa? Saa nne kasorobo? Inatosha. Haya, nani anaanza?